Kufuli la Banda Tupu

Inspekta Akolgo alikuwa amepiga magoti mbele ya banda la mashine, pua yake inakaribia kugusa ardhi, na wanawake wa kijiji cha Tanbuori walikuwa wakimcheka waziwazi.

"Mfrafra amesikia harufu ya mbwa," alisema mmoja.

"Mwacheni achimbue, katoka mbali na njaa yake," akadakia mwingine.

"Nikimaliza hapa nawapeleka wote mnadani Bolga," Akolgo alijibu bila kuinua kichwa. "Watumwa gani nyinyi, mnakaa kivulini wakati bwana wenu anafanya kazi?"

Kicheko kikalipuka upya. Koplo Lamptey, binti wa Accra aliyehamishiwa kaskazini mwezi uliopita, aliinama na kumnong'oneza bosi wake. "Afande, wanakutukana."

"Wananikaribisha. Siku wakiniamkia kwa heshima ndiyo uogope. Hawa Wadagaaba ni watani wetu sisi Wafrafra, Koplo. Lete macho yako hapa chini."

Banda lilikuwa dogo, kuta za tofali, bati jipya, na ukutani nembo ya mpango wa serikali wa ruzuku za maendeleo ya vijiji. Ndani lilibaki jukwaa la saruji lenye madoa ya oili. Injini ya dizeli iliyokuwa ikizungusha kinu cha kusagia kokwa za shea, zile za kukamuliwa mafuta, haikuwepo. Taarifa iliyomleta Akolgo kutoka mji wa Wa ilisema Bwana Gervase Kuuire, afisa wa ruzuku wa wilaya, alipita Jumapili asubuhi kukagua mali ya serikali, akakuta kufuli limekatwa kwa msumeno na injini imeibwa usiku. Mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wenye kinu, Mama Perpetua, aliulizwa iko wapi, akafunga mdomo. Akachukuliwa. Leo ilikuwa Jumatano, yuko mahabusu kituoni Kuolyir, na bado hajasema neno.

Kesho angepelekwa mahakamani. Akishasimama kizimbani tu, Tanbuori ingefutwa kwenye mpango, na awamu ya pili, yaani kisima na jengo la kukamulia mafuta, ingehamia kijiji kingine. Kibaya zaidi, mwanamke huyo alikuwa mfiwa. Mzee Bayor, kaka yake, fundi aliyeiendesha injini hiyo tangu ilipoletwa, alizikwa Jumamosi. Walimtoa kwenye mkeka wa matanga wakampandisha kwenye gari la polisi, na jambo hilo lilimkera Akolgo tangu alipolisoma.

"Unaona nini?" alimuuliza koplo.

"Alama za magurudumu. Mkokoteni wa punda. Uliingia mtupu ukatoka na mzigo, maana mfereji wa kutoka umezama zaidi."

"Na ndani ya mfereji?"

Lamptey alipitisha kidole, akakiinua kwenye mwanga. Kilimetameta. "Unga wa chuma."

"Wa kufuli. Sasa fikiria. Mvua ilinyesha Ijumaa. Jumamosi udongo ulikuwa laini, ndiyo maana gurudumu limeacha alama. Jumapili ulishakuwa mgumu kama tofali. Unga huu ungedondoka kabla ya mkokoteni kupita, ungekandamizwa ukazama kwenye tope. Lakini umelala juu juu, unaupuliza unaruka."

Koplo alikunja uso akifikiri. "Basi kufuli lilikatwa injini ikiwa imeshaondoka."

"Mlango ulikuwa umefungwa na banda ni tupu. Mwizi gani anabeba mali ya watu, halafu anarudi kufunga mlango kwa ufunguo?"

"Mwizi mwenye adabu, afande."

Akolgo alicheka, lakini swali lilishamkaa kichwani kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Alikuwa mtu wa aina hiyo, bwana huyu. Mwanya mdogo tu wa jambo asilolielewa, hata chakula hakimshuki.

Akawageukia wanawake. "Ufunguo alikuwa nao nani?"

"Marehemu," alijibu mama mmoja mnene aliyekuwa akichambua kokwa kwenye ungo. "Ulikaa kwenye koti lake, hakumpa mtu."

"Mlimwona mwizi?"

"Hapana, mtumwa wangu. Mwizi hatukumwona."

"Usiku wa Jumamosi mlisikia chochote?"

"Tulilala fofofo. Tulikuwa tumelia mpaka tumekauka."

"Kuna mgeni yeyote alikuja hapa mkamtilia shaka?"

"Hakuna."

Majibu yalitoka haraka na safi, na nyuso zilikuwa za watu wanaosema kweli. Hapo ndipo alipozidi kuwashwa. Mashine yao imeondoka, ile iliyowapumzisha kutwanga mpaka viganja vinavuja damu, na hakuna hata mmoja anayemlaani aliyeichukua!

"Haya. Niambieni basi, injini imekwenda wapi?"

"Si mmeila nyinyi!" yule mnene alimrushia. "Mmemaliza mbwa wote wa Ghana, sasa mmehamia kwenye vyuma."

Wakacheka, naye akacheka nao. Baadaye kicheko hicho kilimkasirisha kuliko kosa lolote alilolifanya mwaka ule.

Koplo Lamptey alikuwa na mtu anayemshuku. Njiani alimtaja. Salifu, mwenye kinu cha kusaga pale sokoni Kuolyir, kabla ya ruzuku alikuwa akipokea kokwa za vijiji vyote vya upande ule. Injini ya Tanbuori ilimpokonya wateja, na watu walimsikia akiapa kwamba siku moja itanyamaza. Walimkuta mbele ya kinu chake, nyusi nyeupe kwa unga, anakula ugali wa mtama kwa mchuzi wa bamia.

"Mmechelewa," alisema kabla hawajaketi. "Niliwategemea juzi. Nani mwingine ataambiwa kaiba kama si mimi?"

"Umeiba?"

"Ningetaka. Lakini mtaniamini nikisema niliiona ikipita hapa?"

Lamptey aliacha kuandika. "Lini?"

"Jumamosi, jua la utosi. Ilikuwa juu ya mkokoteni, haijafunikwa hata kwa gunia, na watu wanafuata nyuma wanapiga vigelegele na kucheka. Moyo wangu ulifurahi, mama, sikufichi. Nikajua imekufa, inakwenda kwa fundi."

"Mchana kweupe?" koplo alipaaza sauti. "Watu wanaona?"

"Nusu ya soko iliona."

Akolgo aliinama mbele polepole. "Nani alikuwa amekaa juu ya mkokoteni?"

"Sikumtambua. Mtu mzima, amevaa koti kubwa kuliko yeye, analia kwa sauti ya kuigiza, 'Oo, injini yangu, mke wangu, nakuacha na nani!' Nilidhani ni mlevi."

Inspekta Akolgo alijipiga kofi la paji la uso, kofi hasa, mpaka Salifu akashtuka. Kisha akaanza kucheka peke yake. Mfrafra mzima, mtoto wa Bolga, ameambiwa na wanawake wale ukweli mtupu machoni, akauita mzaha!

"Walisema Wafrafra ndio walioila," alisema. "Nami nikacheka! Koplo, kwenu akifa mtu, watani hufanya nini?"

"Sisi hatuna watani, afande."

"Poleni sana. Huku mtani anakuja msibani kuvuruga. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anatukana wafiwa mpaka wacheke na machozi yao. Na anachukua kitu, kile ambacho marehemu alikipenda kuliko vyote. Hakirudishi mpaka akombolewe, kwa kanga mmoja na chungu cha pombe. Huo si wizi. Hakuna mtu wa Tanbuori atakayeuita wizi hata umtishe kwa bunduki. Tuliwauliza kama walimwona mwizi, wakasema hapana."

"Sasa kwa nini Mama Perpetua hakusema hivyo tu akatoka?"

"Hilo hata mimi sijalijua," Akolgo alikiri, na macho yake yaling'aa kama ya mtu aliyeongezewa chakula.

Wafrafra wa Kuolyir wanakaa nyuma ya machinjio. Mkubwa wao alikuwa Ayamga, muuza nyama mwenye miguu ya matege, na alipoona sare ya Lamptey aliangusha kisu. Akolgo alimsalimia kwa kilugha cha nyumbani, akamuuliza habari za mifugo, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rundo la ngozi kavu pembeni ya ua. Alifunua ya juu. Kuku aliyekuwa ameatamia alimrukia kwa hasira. Chini yake ilikuwepo injini ya serikali, imefutwa vizuri, imepakwa hata mafuta ya shea isishike kutu.

"Mwanangu, usinifunge," Ayamga alisema. "Mimi ni mtani tu. Bayor alinizikia baba yangu, akatuibia mbuzi wa matanga, tukamkomboa kwa pombe tukacheka wiki nzima. Zamu yangu ikafika. Ningemwacha aende hivihivi kama hana watu?"

"Ufunguo ulikuwa kwenye koti?"

"Huu hapa. Nilifunga mlango mwenyewe, mali ya akina mama isilale wazi. Nikangoja waje kunikomboa Jumapili. Badala yao wakaja polisi, tukasikia eti wizi, eti serikali. Nikiirudisha nafungwa, nisipoirudisha mama wa watu anaoza ndani. Sijala tangu Jumapili, tazama nilivyo."

"Kuna mtu ulimwambia iko kwako?"

"Nimwambie nani? Kila aliyekuwepo msibani alijua."

"Kila aliyekuwepo," Akolgo alirudia taratibu. "Bwana Kuuire wa ruzuku alikuwepo?"

Ayamga alikuna kidevu. "Sikuangalia nyuso, mwanangu, nilikuwa nacheza. Wana wa marehemu walikuwa wengi, wamefungwa kamba za msiba mguu wa kushoto, wasijidhuru kwa uchungu. Nilikuwa nawavuta kama mbuzi wa mnada."

Kwenye gari, injini imefungwa nyuma kwa kamba, Lamptey alihesabu hoja kwa vidole. Ayamga hakukata kufuli, ufunguo alikuwa nao. Watu wa Tanbuori hawakuwa na sababu ya kulikata. Aliyelikata alijua kwamba banda ni tupu, na alitaka lionekane limevunjwa.

"Na aliyetuambia kwamba limevunjwa usiku ni mmoja," alisema. "Leo asubuhi niliuliza ofisini kwao kijiji kipi kinafuata Tanbuori wakifutwa. Ni Zaawie, kwa wajomba zake Bwana Kuuire. Ndiko alikokulia baada ya baba yake kufariki, na mwakani anagombea udiwani huko."

"Safi sana, Koplo."

"Lakini afande, kwenye maelezo yake anasema hakwenda msibani. Kama hakwenda, anaweza kusema hakujua habari za mkokoteni. Amekuta kufuli limekatwa, akaripoti kama mtu mwingine yeyote. Na wale wanawake hawatamtaja. Kisima chao kiko mkononi mwake."

"Kweli. Bila msiba hatuna kitu." Akolgo aliendesha mpaka wakaona paa la kituo. "Marehemu Bayor alikuwa nani kwake?"

"Kaka wa baba yake."

"Yaani baba yake," Akolgo alisema, akakanyaga mafuta.

Gervase Kuuire alikuwa amewatangulia kituoni. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, viatu vyeusi vya kamba na soksi nene, kwa joto lile ambalo hata mijusi ilikuwa imejificha. Alisimama kwa adabu alipoiona injini ikishushwa, na uso wake ulipoteza rangi kidogo kabla ya kuvaa tabasamu.

"Hongera, Inspekta! Mmemkamata?"

"Bado kidogo. Naomba unisaidie. Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa Kuolyir, ofisini. Kazi za ruzuku, unazijua, hazina wikendi."

"Hukumzika baba yako?"

"Ni kaka wa baba. Roho iliniuma, lakini kazi ilinibana. Na kusema kweli, mimi nimekulia kwa wajomba. Watu wa Tanbuori na mila zao siwajui vizuri."

"Pole sana. Vua kiatu cha kushoto, tafadhali."

"Nini?"

"Kiatu. Na soksi."

"Kwa sheria gani?"

"Hakuna sheria. Natamani tu kujua."

Kuuire alicheka, akatazama huku na huku akitafuta mtu wa kucheka naye. "Huu ni udhalilishaji. Mimi ni afisa wa serikali, nitampigia simu mkuu wako sasa hivi."

"Piga. Koplo, mlete Mama Perpetua."

Aliletwa peku, kanga ya msiba imemning'inia kwenye mabega yaliyokonda. Alikuwa mwanamke mrefu, na alitembea kama mtu aliyeazimia kutotetemeka mbele ya askari. Lakini alipomwona Kuuire, uso wote ulifunguka.

"Mwanangu! Nilijua utakuja tu."

"Shangazi, usiseme kitu," Kuuire alisema haraka.

"Bwana Kuuire anatuambia hakuja kumzika Mzee Bayor," Akolgo alisema kwa upole. "Eti hakufika kabisa."

Mama Perpetua alimtazama mpwa wake, akashangaa, kisha akamwonea huruma. Alidhani anaogopa kwa ajili ya kazi yake. Akamgeukia Inspekta kumtetea.

"Usimwone hivi, baba. Huyu alilia kuliko wote! Alitaka kujitupa kaburini, wanaume watatu hawakumuweza. Mimi mwenyewe nilimfunga kamba. Mwanangu, usiogope, huyu Inspekta ni mtani wetu. Mwonyeshe mguu, ajue ulivyomlilia baba yako."

Kuuire hakusogea. Koplo Lamptey alipiga goti, akafungua kiatu, akashusha soksi. Kwenye kifundo cha mguu ilikuwepo kamba ya katani, chafu, imebana ngozi, fundo lake zima.

"Lakini si ungeikata tu?" Lamptey aliuliza, na aliuliza kwa dhati, maana hakuelewa. "Umekata kufuli la chuma. Hii umeshindwa?"

Akolgo ndiye aliyejibu. "Kamba hiyo haikatwi kabla ya siku yake, Koplo. Anayeikata amemkana maiti mbele ya wote waliokufa kabla yake. Hata mimi nisingethubutu." Akamgeukia mwanamke. "Mama, kwa nini ulinyamaza siku zote hizi?"

"Yeye ndiye aliyeniambia. Jumapili jioni alikuja pale dirishani. Akasema, shangazi, ukiwataja watani watafungwa miaka, na hakuna Mfrafra atakayekuja tena kutuchekesha tukifa. Nyamaza, mimi nitakutoa." Alitabasamu kwa uchovu. "Nikanyamaza."

"Alikuambia nani alileta taarifa hapa kituoni?"

"Alisema bado anamtafuta."

Akolgo alitamani mtu mwingine aliseme neno lililobaki. Hakuwepo. "Ni yeye, Mama. Yeye ndiye aliyekata kufuli, na yeye ndiye aliyekuja kushitaki."

Mama Perpetua hakupiga kelele. Alisimama pale akimwangalia mpwa wake kwa muda, anamsoma, kama vile mtu anavyotazama nyumba aliyozaliwa imebomolewa. Kuuire alifungua mdomo.

"Shangazi, nilikuwa nitakutoa. Baada ya Zaawie kupata kisima tu, ningekutoa. Haki ya Mungu."

Mwanamke alipiga magoti mbele yake, taratibu, akiugulia goti moja. Lamptey alitaka kumzuia, Akolgo akamshika mkono. Mama Perpetua aliutia mguu wa Kuuire kwenye paja lake kama alivyofanya siku ya mazishi, akatafuta fundo kwa kucha, akalifungua. Ilichukua muda, maana alikuwa amelifunga imara ili mwanawe asijidhuru. Kamba ilipotoka, aliiviringisha akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

"Huna msiba kwetu," alimwambia.

Alijiinua kwa kushika meza, akamuuliza Inspekta kama anaweza kwenda nyumbani, akaambiwa anaweza. Kuuire alibaki kwenye kiti na mguu mmoja mtupu. Alianza kulia, kwanza polepole, kisha kwa sauti kubwa mpaka askari wa zamu wakachungulia mlangoni, na safari hii hakuna aliyemshika.